Maumivu sugu yanakula akili: anayesahausahau huku anaumwa mgongo si mzembe

#1 Mleta mada

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia hapa Dar. Nimekaa na wagonjwa wa mgongo, nyonga, magoti na shingo kwa miaka ya kutosha, na kuna jambo moja linaniuma kwa sababu linawaumiza watu mara mbili. Mgonjwa anakuja kwa ajili ya kiuno. Tunamaliza mazoezi, anavaa viatu, na akiwa anaaga ndipo analitoa: "Halafu siku hizi nasahausahau sana, akili imekuwa nzito." Analisema kwa aibu, na kwa sauti ya chini.

Nimelisikia kwa mhasibu ambaye tarakimu zinamponyoka katikati ya hesabu. Nimelisikia kwa mwalimu anayesimama ubaoni akasahau sentensi aliyoianza mwenyewe, na kwa fundi cherehani ambaye inabidi apime kitambaa kilekile tena na tena kabla ya kukata. Nyumbani wanaitwa wazembe. Kazini wanapewa barua za onyo. Wengine wameshaambiwa ni mkono wa mtu na wametoa hela kwa waganga. Karibu wote hawajawahi kumwambia daktari, kwa sababu wanadhani mgongo ni habari moja na kichwa ni habari nyingine.

Ni habari moja. Maumivu yasiyokoma yanachukua sehemu ya akili, na hilo limechunguzwa kwa miaka mingi.

Tuelewane kwanza ninaposema maumivu sugu. Ni maumivu yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Shirika la Afya Duniani limeyapa nafasi yake yenyewe katika orodha ya magonjwa ya ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Jambo hilo linaonekana la makaratasi tu, lakini lina uzito. Kwa muda mrefu maumivu yalihesabiwa kuwa dalili ya kitu kingine; kidonda kikipona, au picha ikitoka safi, mgonjwa aliambiwa hana kitu. Sasa inakubalika kwamba mfumo wa fahamu unaweza kuendelea kupiga kelele hata baada ya jeraha kupona, na hali hiyo peke yake ni ugonjwa.

Kwa nini akili iguswe? Maumivu kazi yake ni kukatisha. Yameumbwa ili uache unachofanya uangalie mwili wako, na bila hivyo tungekanyaga misumari tukaendelea kutembea. Wanasaikolojia Chris Eccleston na Geert Crombez waliliandika hili vizuri mwaka 1999: maumivu yanadai umakini, na umakini wa binadamu una kikomo. Maumivu ya dakika mbili yanakatisha kazi mara moja. Maumivu ya miaka miwili yanakatisha kazi kutwa nzima.

Chukulieni muuza duka wa Kariakoo mwenye wateja watano kaunta, na mlangoni pana mtu anagonga bati bila kupumzika. Hesabu anazijua, bei anazijua. Lakini sehemu ya akili yake inalazimika kubaki na yule wa mlangoni, na taratibu chenji inaanza kukosewa.

Kwa hiyo si kila kitu kinachoguswa. Ulichosomea hakifutiki, na lugha na ujuzi wa kazi vinabaki. Kinachopungua ni umakini, kasi ya kufikiri, uwezo wa kuhama kutoka jambo hili kwenda lile, na ile kumbukumbu ya muda mfupi unayoshikia jambo wakati unalifanyia kazi: namba ya simu unayotajiwa, au maagizo matatu ya bosi kwa mpigo. Kwa wastani upungufu wenyewe si mkubwa, ila kwa mtu ambaye kazi yake ni tarakimu, hata huo mdogo unatosha kumvurugia siku.

Na ubongo wenyewe? Mwaka 2004 timu ya Vania Apkarian wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, iliwapiga picha za ubongo watu 26 wenye maumivu sugu ya mgongo na kuwalinganisha na wasio nayo. Tabaka la kijivu la ubongo lilikuwa limepungua kwa 5% hadi 11%, kiasi ambacho kwa kawaida huenda na kuzeeka kwa miaka 10 hadi 20. Sehemu mojawapo iliyoguswa zaidi ni ile ya mbele, nyuma ya paji la uso, tunayoitumia kupanga, kuamua na kujizuia.

Najua sentensi hiyo inatisha. Naomba usiishie hapo.

Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani waliwafuatilia wagonjwa wa nyonga iliyosagika, kabla na baada ya kuwekewa nyonga bandia. Maumivu yalipoisha, sehemu zilizokuwa zimepungua zilianza kurudi. Mwaka 2011 timu ya David Seminowicz, huko Montreal, ikaona jambo hilohilo kwa wagonjwa wa mgongo: miezi 6 baada ya matibabu, sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kushoto ilikuwa imenenepa tena kwa waliopata nafuu, na namna ilivyofanya kazi wakati wa mtihani wa akili ilikuwa imesogea kwenye hali ya kawaida. Kwa sehemu kubwa basi si uharibifu wa kudumu. Ni ubongo uliojipanga kuishi na maumivu, na maumivu yakipungua unajipanga upya.

Hii ndiyo sababu sipendi neno "vumilia" likitumiwa kama tiba. Mtu anayeambiwa avumilie anaambiwa pia aendelee kulipa kwa akili yake.

Karibuni kwa maswali, nitajibu ninayoyaweza.

#2 Mdau wa Gongo la Mboto

Mkuu, umeniandika mimi mtupu. Naamka saa kumi alfajiri niwahi daladala, nasimama hadi mjini, kiuno kinawaka kabla hata sijafika ofisini. Barua pepe moja naisoma mpaka mara tatu ndiyo naielewa. Nilishaanza kuamini kwamba nimekwisha.

Swali langu: usiku silali vizuri, najigeuza tu. Hii ya kusahau inatokana na maumivu au na kukosa usingizi?

#3 Mleta mada

Pole sana mkuu, na hujaisha.

Vyote viwili, na vinalishana. Maumivu yanakatisha usingizi mzito. Usingizi huo ndio ubongo unaoutumia kupanga kumbukumbu za mchana, na ukiukosa, kesho yake mwili unakuwa mwepesi zaidi kuhisi maumivu. Ndiyo maana mtu anaweza kuamka anaumwa zaidi ya alivyolala ingawa hakubeba kitu usiku.

Ongeza na mawazo. Mtu mwenye maumivu ya muda mrefu ana hatari kubwa ya kupata sonona, na sonona yenyewe inapunguza umakini. Ukikaa na daktari usimpe mgongo peke yake. Mwambie unalala saa ngapi, unaamka mara ngapi, na kama vitu ulivyokuwa unavipenda bado unavipenda. Kwa wagonjwa wangu nimeona mara nyingi usingizi ukitengemaa, akili inatangulia kufunguka hata kabla mgongo haujapona.

Na kitu kidogo cha kwenye daladala: usisimame umekaza magoti safari nzima. Hamisha uzito, mguu hadi mguu. Ukipata kiti, usikae umejikunja juu ya simu mpaka Posta.

#4 Mzee wa Magomeni

Nimesoma yote. Sipingi elimu yako kijana, lakini sisi baba zetu walibeba magunia bandarini, migongo iliwauma mpaka wanakufa, na hatukusikia wamesahau kitu. Siku hizi kila jambo lina jina la ugonjwa. Vijana mtapata visingizio vya kutofanya kazi.

#5 Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umesema wazi, maana wengi wanafikiri hivyo na hawasemi.

Wale wazee nawaheshimu sana, babu yangu alikuwa mmoja wao. Lakini naomba tukumbuke walivyokuwa majumbani. Wangapi tuliwajua kwa ukali? Anarudi jioni, mtoto akidondosha kikombe nyumba nzima inatetemeka. Tuliambiwa "mzee ana hasira, msimsogelee". Sehemu ya ubongo inayomzuia mtu asilipuke ni hiyohiyo ya mbele niliyoitaja, inayopigania nafasi na maumivu. Mtu ambaye siku nzima ametumia nguvu za akili kuzuia asilie kwa mgongo, jioni hana akiba ya kuvumilia kelele za watoto. Sisemi kila mzee mkali alikuwa anaumwa. Nasema maumivu yao hayakupita bure, yalilipwa mahali fulani, na mara nyingi yalilipwa na familia.

Halafu kuhusu visingizio: wagonjwa ninaowaona wanafanya kinyume. Wanaficha. Wanaenda kazini wakiwa wamemeza vidonge na wanatumia nguvu mara mbili ili wenzao wasigundue. Katika maabara mara nyingi mtu mwenye maumivu anafaulu mtihani mfupi sawa na mwenzake, ila anachoka zaidi. Ofisini mtihani haudumu dakika kumi.

#6 Mzee wa Magomeni

Marahaba. Hilo la ukali limenigusa. Baba yangu alikuwa vilevile. Endelea mwanangu.

#7 Binti wa Temeke

Dada au kaka mleta mada, naomba msaada. Mama yangu ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua muda mrefu. Mwaka huu ameanza kusahau, anaweka chumvi mara mbili, anauliza swali alilokwisha kuuliza. Ndugu wanasema ni uzee tu. Mimi naogopa. Anameza diklofenaki za duka la dawa karibu kila siku, na usiku alipewa amitriptilini. Ana sukari pia.

#8 Mleta mada

Dada yangu, umefanya vizuri kueleza na dawa zake.

Kwanza hofu yako. Upo utafiti wa Marekani uliotoka 2017, wa watu zaidi ya 10,000 wenye umri wa kuanzia miaka 62. Wale waliokuwa na maumivu ya kudumu kumbukumbu zao zilishuka kwa kasi zaidi ya wenzao, takriban 9% zaidi katika miaka 10. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha kwamba mambo mawili yanaenda pamoja. Hauthibitishi kwamba magoti ndiyo yanayoleta ugonjwa wa kusahau, na huwezi kuutumia kumpimia mama yako. Lakini unatosha kuwajibu ndugu kwamba "ni uzee tu" si jibu.

Sasa dawa, kwa sababu hapo mnaweza kufanya kitu mapema. Amitriptilini ni dawa nzuri kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na inasaidia usingizi, ila kwa wazee inaweza kuleta ukungu wa akili, kinywa kukauka na kuyumba wakati wa kusimama. Hakuna wa kulaumiwa hapo, ni jambo la kumrudishia daktari aliyeiandika aangalie dozi au abadilishe. Msiikatishe wenyewe ghafla.

Diklofenaki za kila siku zinanitia wasiwasi zaidi. Kwa mtu wa umri wake mwenye kisukari zinaweza kuumiza figo, kupandisha presha na kuchubua tumbo. Figo zikichoka, akili nayo inachafuka. Aende apimwe figo na presha, na daktari ajue anameza ngapi. Na kama sukari yake anaitibu kwa metformini kwa muda mrefu, ombeni apimwe vitamini B12, maana dawa hiyo huweza kuipunguza, na upungufu wake unaleta kusahau pamoja na ganzi ya miguu. Damu na tezi ya shingo pia viangaliwe. Kuna aina za kusahau zinazotibika kabisa, na ni huzuni kubwa zikipita bila kupimwa.

Magoti yenyewe yasiachwe. Kumfundisha kunyanyuka kwenye kiti bila kujivuta kwa mikono, mara chache asubuhi na mara chache jioni, kunajenga misuli ya mapaja inayobeba goti. Mazoezi ya mwili pia ni miongoni mwa vitu vichache vinavyosaidia maumivu na kumbukumbu kwa pamoja.

Ila akibadilika ghafla, ndani ya saa au siku moja, mdomo ukapinda, mkono ukalegea, au akachanganyikiwa, msisubiri kliniki. Mkimbizeni hospitali siku hiyohiyo.

#9 Binti wa Temeke

Asante sana. Ni metformini kweli, miaka mingi. Kesho namchukua.

#10 Dereva wa Kimara

Mimi naendesha. Mgongo ulinishinda, jamaa wa kijiweni wakanipa tramado. Maumivu yanakaa mbali kabisa. Ila siku hizi nikikosa nakuwa mtu mwingine, jasho, mwili unatetemeka, hasira. Na barabarani nahisi kama nachelewa kushika breki. Niache leo?

#11 Mleta mada

Kaka, nashukuru umeliandika hapa, na nakuomba usiache leo peke yako.

Tramado ni ya jamii ya dawa za kulevya za hospitali, na mwili wako umeshaizoea. Ukikata ghafla utapata hayohayo uliyoyaeleza kwa ukali zaidi. Inatakiwa ipunguzwe hatua kwa hatua na daktari, naye akutafutie njia nyingine ya mgongo. Ikizidi inaweza kuleta kifafa hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa nacho. Huko kuchelewa kushika breki usikupuuze hata kidogo: maumivu yanapunguza kasi ya kufikiri, na dawa inapunguza tena juu yake. Mpaka umeonana na daktari, mpe mwenzako usukani. Una abiria.

Na ukienda usione haya kutaja kijiwe. Daktari anahitaji kujua ulikuwa unameza ngapi kwa siku.

#12 Mama wa Kigamboni

Naomba niulize kuhusu mtoto. Ana selimundu, yuko darasa la sita. Alikuwa wa kwanza kwanza darasani, sasa anashuka kila muhula. Mwalimu anasema haangalii ubaoni. Maumivu yanamjia mara kwa mara hata siku ambazo hatumpeleki hospitali.

#13 Mleta mada

Mama, pole na hongera kwa kumlea. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wa selimundu duniani, wanakadiriwa kuzaliwa wapatao 11,000 kila mwaka, na shuleni bado wanaonekana wavivu.

Kwake mambo yako matatu, na ni lazima yatenganishwe. Maumivu yanamnyang'anya umakini, kama nilivyoeleza. Damu kidogo inaupa ubongo hewa kidogo. Na la tatu ndilo la haraka: selimundu inaweza kuleta kiharusi cha kimya, kisichopinda mdomo wala kulegeza mkono, kinachoonekana tu kwenye picha ya MRI. Mtoto anaonekana mzima, ila anashuka darasani. Kwa hiyo kushuka kwa masomo kwa mtoto wa selimundu ni sababu ya kurudi kliniki kabla ya kwenda kwa mwalimu wa tuisheni. Mwambie daktari maneno hayohayo uliyoandika hapa. Uliza kuhusu kipimo cha ultrasaundi cha mishipa ya damu ya kichwani, kinachoonyesha hatari ya kiharusi, na kuhusu hidroksiurea, dawa ya selimundu inayopunguza maumivu ya mara kwa mara, kama bado hajaanzishiwa.

Kwa mwalimu, omba akae mbele, anywe maji wakati wowote, na aruhusiwe kumalizia mtihani siku ambayo maumivu yametulia. Usikubali achapwe kwa kutoangalia ubaoni.

#14 Msimamizi wa ghala

Nina kijana kazini, mzuri sana, tangu apate ajali ya bodaboda mguu haujatulia. Anakosea kuandika mizigo. Sitaki kumfukuza. Nifanye nini kivitendo?

#15 Mleta mada

Bosi, ubarikiwe kwa swali hilo.

Muulize ni saa ngapi maumivu yanakuwa madogo. Wengi wanalijua hilo vizuri. Kazi ya hesabu mpe saa hizo, zinazohitaji akili kidogo zibaki saa mbaya. Maagizo mpe kwa maandishi, hata ujumbe wa simu, na moja baada ya jingine. Mwache asimame na kutembea kila baada ya muda. Na umwambie kwamba unajua sababu. Mtu anayeogopa kugunduliwa anatumia akili kujificha, na akili yenyewe tayari haitoshi.

Usimwondolee kazi zote za kufikiri ukidhani unamsaidia. Mwaka 2012 watafiti wa Hamburg waliwachoma watu joto mkononi huku wakiwapa zoezi gumu la kumbukumbu. Waliokuwa wameshughulika sana na zoezi waliumia kidogo, na picha zilionyesha kwamba hata kwenye uti wa mgongo ishara za maumivu zilikuwa zimepungua. Walipopewa dawa inayozuia dawa za maumivu ambazo mwili unajitengenezea, nafuu hiyo ikapungua. Akili iliyoshikwa na kazi inayopendeza inayasukuma maumivu nyuma kwelikweli. Njia hiyo inapitika pande zote mbili, na kwa kijana wako kazi anayoipenda ni sehemu ya matibabu.

#16 Mdau wa Gongo la Mboto

Mkuu, nimepata miadi wiki ijayo. Nikifika mbele ya daktari huwa nabaki "mgongo unauma" basi, na dakika zinaisha. Niseme nini?

#17 Mleta mada

Andika kabla, kwenye karatasi, kwa sababu ukiwa na maumivu na foleni nyuma yako hutakumbuka. Andika lini yalianza. Yanakupata saa ngapi zaidi. Unalala vipi. Dawa zote, pamoja na za duka la dawa, za mitishamba na za kuazima kwa jirani. Halafu andika mambo mawili ya kichwa kwa mifano halisi, kama ile ya barua pepe: "nasoma mara tatu ndiyo naelewa, mwaka juzi haikuwa hivi." Mfano kama huo daktari anaweza kuufuatilia miezi ijayo aone kama umebadilika, kuliko "nasahau" peke yake.

Ukiwa na ganzi sehemu za siri au kwenye makalio, miguu kukosa nguvu, au mkojo na choo kukushinda kuzuia, usingoje wiki ijayo. Nenda leo usiku.

Na umwulize daktari swali moja kabla hujatoka: tukipunguza maumivu haya, tutajuaje kama na akili imerudi? Andika jibu lake kwenye karatasi hiyohiyo, uje nayo ukirudi.